Tiro ya Alhamisi

Nimewasikia wahubiri wengi wakieleza hukumu ya Mungu juu ya mataifa yenye kiburi, na kila mara najikuta nimekaza meno. Si kwamba siamini. Naamini sana, na hapo ndipo shida yangu ilipo. Ninachotaka kumuuliza kila mhubiri kabla hajafungua mdomo ni hiki: wewe unaposoma habari za taifa lenye kiburi, moyoni unamfikiria nani? Sisi kule Likasi hatukuulizana. Tulisoma pamoja miaka na miaka, tukaitika amina pamoja, tukatafuna karanga pamoja baada ya sala, na hatukuulizana hata siku moja.

Tulikaa katika kambi ya wafanyakazi wa kampuni ya madini ya serikali, upande ule ambako moshi wa asidi ulishuka kila alasiri na kutoboa mabati. Baba yangu alikuwa fundi wa pampu. Alikuwa mtu wa hapo hapo Katanga; watu wake walilima na kuvua samaki kando ya mto Lufira, chini ya bwawa la Koni. Mama alizaliwa Likasi, katika kambi hiyo hiyo, lakini babu yangu mzaa mama aliletwa kutoka jimbo la Kasai na Wazungu kufanya kazi ya reli, kwa hiyo mama alihesabiwa mtu wa Kasai. Kasai yenyewe hakuwahi kuiona. Aliijua kwa kusimuliwa tu, kama mbingu.

Ndoa yao ilikuwa na mzaha wake. Kwa desturi ya watu wa baba, mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Kwa desturi ya watu wa mama, mtoto ni wa baba yake. Shangazi zangu walipokuja kutoka Lufira waliniita mtoto wa Kasai, na wajomba zangu waliniita mtoto wa Katanga, na wote walinipa vitu vitamu kama mgeni wa heshima. Nilipokuwa mdogo nilijiona tajiri, mwenye pande mbili. Sikujua kwamba kuwa na pande mbili za namna hiyo ni kutokuwa na hata moja.

Masomo ya Alhamisi yalianza nikiwa shule ya msingi, wakati serikali ilipoondoa dini mashuleni. Msalaba uliteremshwa ukutani, picha ya Mkubwa, rais wa nchi, ikapandishwa kwenye msumari ule ule. Majina yetu ya ubatizo tuliyaacha mlangoni. Asubuhi, kabla ya hesabu, kabla hata ya kufuta ubao, tuliimba nyimbo za chama na kukata viuno uwanjani, walimu wakituangalia nani anakata vizuri na nani anajifanya hamnazo. Baba, aliyekuwa kiongozi wa jumuiya ya Kikristo ya mtaa wetu, alinyamaza wiki chache. Kisha akasema kwamba kama watoto hawasomi neno la Mungu shuleni, watalisoma nyumbani pamoja na wazazi wao, kila Alhamisi, king'ora cha jioni kikishalia.

Alichagua manabii. Zaidi ya wote alimpenda yule mchunga kondoo anayeanza kwa kuwapiga majirani, mmoja baada ya mwingine: Dameski, Wafilisti, Tiro, Edomu, Amoni, Moabu. Kila wiki taifa moja. Nafikiri baba aliona ujasiri mkubwa katika jambo hilo, na ulikuwepo kweli. Nchi nzima ilikuwa inapiga makofi, na sebuleni kwetu watu walikuwa wanamsikiliza Mungu akiwaambia wakuu wa dunia kwamba majumba yao yataungua.

Lakini kijana mmoja wa chama alikaa mtaa huo huo, na masikio yake yalikuwa marefu. Kwa hiyo baba aliweka sharti. Tutasoma, tutanyamaza, kila mtu moyoni mwake aweke mahali pa taifa lile yule anayeona anastahili, kisha tutaitika amina.

"Hapa hakuna muntu anataja jina," alisema. "Kila muntu atie mu roho yake."

Ilikuwa njia nzuri sana ya kuishi chini ya udikteta. Kijana wa chama alikuja mara mbili tatu, akaketi, akasikia habari za miji iliyokufa zamani upande wa Wayahudi, akala karanga zetu, akarudi kwao. Hakuwa na la kuandika. Nasi tulibaki na ule ukimya wetu mtamu. Mimi mwenyewe, kila Tiro ilipoungua, nilikuwa namwona mkuu wa shule yetu, yule mama aliyetuchapa kwa kuchelewa nyimbo za chama, akikimbia huku wigi lake likifuka moshi. Nilisali kwa moyo wote.

Katika jumuiya kulikuwa na wawili ambao lazima niwaeleze. Wa kwanza ni jirani yetu wa mlango kwa mlango, mama yangu wa ubatizo. Ndiye aliyenibeba mbele ya padri. Yeye na mama walichota maji bomba moja, walisuka nywele pamoja, mmoja akiishiwa mafuta alichukua kwa mwenzake bila kubisha hodi. Mume wake alikuwa karani katika ofisi ya kampuni. Wa pili ni mzee wa machimbo ya chokaa ya Kakontwe, aliyekuja kwenye sala akiwa na vumbi jeupe kwenye nyusi. Huyu alimpenda Moabu, kwa sababu kosa la Moabu ni kuichoma mifupa ya mfalme mpaka ikawa chokaa. Alikuwa anatueleza moto unaotakiwa, na kuni zinazoliwa, na jinsi chokaa ya namna hiyo isivyofaa hata kupaka choo. Watu walicheka, baba alijaribu kukunja uso, akashindwa.

Mama wa ubatizo alipenda Tiro. Hata baba alipenda Tiro. Ulikuwa mji wa biashara, mji uliojiona mungu kwa sababu ya mali zake, na kosa lake baba alilisoma polepole: waliwachukua watu wote kutoka makwao, wakawatoa kwa adui, wala hawakukumbuka agano la undugu. Baba alipofika hapo sauti yake ilitetemeka. Sote tulijua anamfikiria nani. Anamfikiria Mkubwa, yule aliyeonyeshwa akishuka mawinguni kila jioni kwenye televisheni kabla ya habari, yeye na majumba yake ya marumaru. Sote tulikuwa tunamfikiria huyo, au watu wake kama yule mkuu wa shule. Ndivyo baba alivyoamini mpaka mvi zilipomtoka, na mama pia, na mimi.

Baada ya Moabu, nabii yule hageuki kwingine. Anawageukia watu wake mwenyewe, na hapo ndipo anapokuwa mkali kweli kweli. Baba hakutufikisha huko. Alifunga kitabu, akasema hayo tutayasoma Kwaresima. Kwaresima ikifika tulikuwa na Njia ya Msalaba, na hayo yakasubiri mwaka mwingine. Hakuna aliyelalamika. Nani angelalamika? Tulikuwa watoto wa kampuni. Unga ulitoka kwa kampuni, samaki kwa kampuni, maziwa ya watoto, hospitali, mpira, hata majeneza. Waliotoka vijijini wakisukuma baiskeli za makaa tuliwaita washamba, tukawabana kwa bei mpaka wakakaribia kulia. Kiburi tulikuwa nacho, cha kutosha kuangusha miji miwili. Ila hatukukitafuta nyumbani, kwa kuwa tulikuwa na kazi nyingi ya kukitafuta Tiro.

Mwanzo wa miaka ya tisini mambo yaligeuka. Kampuni ilianza kukohoa. Mashine zilisimama, posho ikachelewa, hospitali ikaishiwa dawa. Kule juu, Mkubwa alikubali vyama vingi, na ghafla kila mtu akaruhusiwa kusema alichotaka. Nilidhani watu watasema juu ya yule wa mawinguni. Wengine walisema, kwa siku chache. Kisha wakubwa wa jimbo wakaanza kuzungumza redioni na uwanjani, kwamba Katanga ina wenyewe, kwamba watu wa Kasai wamejaza ofisi na nyumba za kampuni, na wakati wao wa kurudi kwao umefika. Vijana wenye mapanga wakaanza kupita mitaani.

Neno lililotumika lilikuwa kiburi. Nililisikia kwanza sokoni, kisha bombani, kisha uwanjani kwa parokia, likitoka kwa watu waliovaa rozari shingoni. Watu wa Kasai wana kiburi. Wanapenda vyeo. Wanajiona. Mzee mmoja wa parokia alinishika bega kwa upole kabisa, akaniambia nisihuzunike, Mungu huwashusha wenye kujikweza, ndivyo maandiko yanavyosema. Nilitamani kumtemea mate. Nilisema, "Ndiyo, baba," kwa sababu nililelewa vizuri.

Shangazi zangu wakaja kutoka Lufira na samaki wakavu. Safari hii hawakunipa kitu. Walikaa na baba chumbani mlango ukiwa wazi, ili sisi tusikie bila wao kutuambia. Mke aondoke kabla nyumba haijachomwa. Na watoto waende na mama yao.

"Batoto ni ba mama yabo," shangazi mkubwa alisema. "Weye mwenyewe unajua desturi yetu."

 Baba desturi aliijua. Alijua pia kwamba mfanyakazi akiiacha kazi, nyumba ya kampuni inakwenda na maji. Jioni alimweleza mama, akiangalia mikono yake, kwamba yeye itabidi abaki, atulindie nyumba mpaka mambo yatulie. Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema bado hajasema kwamba anakwenda.

Maana lilikuwepo tumaini moja, na halikuwa la kijinga. Mtaa wa pili, familia moja ya Kasai ilikuwa bado nyumbani kwake. Vijana wa mapanga walipofika pale, waliwakuta watu wa jumuiya ya mtaa ule wameketi barazani, wake kwa waume, wengi wao Wakatanga, wakimenya mihogo na kuzungumza kama watu waliokuja kwenye matanga. Hawakupiga kelele, hawakushika hata fimbo. Vijana walisimama, wakatukana kidogo, wakapita. Kesho yake watu wakaja tena, wakaketi tena. Ilikuwa inawezekana, kwa hiyo. Ilitakiwa tu watu waje na viti vyao. Mama alikuwa na hakika kwamba watu wetu, waliosali sebuleni kwake tangu mimi nikiwa na meno ya utoto, wangekuja. Hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Alikuwa anasubiri Alhamisi tu.

Siku hiyo alifagia mara mbili, akakaanga karanga, akapanga viti vyote. Walikuja wachache kuliko kawaida, kwa sababu jamaa za Kasai wengi walikuwa tayari stesheni na mabunda yao. Mama wa ubatizo alikuja, mumewe akabaki nyumbani. Mzee wa Kakontwe alikuja na nyusi zake nyeupe. Baba alitaka tusome zaburi fupi, tuombe amani, tufunge. Mama akasema hapana, leo tusome Tiro.

Baba alisoma. Alipofika kwenye kosa lenyewe, sauti haikutetemeka. Ilikuwa kavu, kama mtu anayesoma bei za vitu. Ukaja ukimya wetu wa siku zote, lakini amina haikufuata. Mama akamwomba arudie mahali pale. Baba akarudia: waliwachukua watu wote kutoka makwao, hawakukumbuka agano la undugu. Watu waliangalia sakafu. Sakafu yetu haijawahi kuangaliwa hivyo.

"Tangu batoto biko badogo tunasomaka Tiro," mama alisema. "Leo njo nataka kujua. Wakati ya kunyamaza, kila muntu alikuwaka anawaza nani?"

Baba alimkumbusha sharti. Mama akajibu kwamba kijana wa chama ameshaondoka, na siku hizi watu wanamtukana Mkubwa barabarani mchana kweupe, hakuna anayefungwa. Basi tuseme. Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayegawa chakula.

Mzee wa Kakontwe alianza, nadhani kwa sababu hakupenda kimya. Alisema yeye alikuwa anamfikiria msimamizi wake machimboni, aliyemsumbua miaka mingi. Mama akauliza msimamizi huyo alikuwa mtu wa wapi. Mzee akafuta uso kwa kiganja, vumbi likamwangukia mapajani.

"Wa kwenu, mama," alisema.

Mama akageuka kwa jirani yake. Huyu alikuwa ameketi karibu naye kama kawaida, magoti yao yakigusana. Akauchukua mkono wa mama akauweka ndani ya mikono yake miwili. Sijawahi kusahau hilo. Laiti angesema kwa hasira, ningejua la kufanya.

"Minye nilikuwaka nawaza ninyi," alisema. "Siyo weye, yaya, dada yangu. Ninyi bote ba Kasai. Bwana yangu alitumika chini ya ndugu yenu miaka yote, hakupandaka cheo hata kimoja. Kila Alhamisi niliomba Mungu abashushe. Sasa Mungu amesikia. Nitamuambia nini? Aache?"

Alikuwa analia. Machozi yake yalikuwa ya kweli, na mkono wa mama hakuuachia. Mimi nilisimama ukutani. Nilikuwa nahesabu moyoni, bila kutaka, mafuta waliyoazimana, nywele walizosukana, amina walizoitika bega kwa bega, na chini ya kila amina mwanamke huyu alikuwa anamwomba Mungu atushushe. Na aliomba hivyo kupitia sauti ya baba yangu, sebuleni kwetu, akitafuna karanga zetu. Sharti la kutotaja majina lilikuwa limetuficha kwa kijana wa chama, ndiyo. Lilikuwa limetuficha wenyewe kwa wenyewe vizuri zaidi.

 Mama akasema ni haki na yeye aseme wake. "Minye nilikuwaka nawaza bawifi yangu," alisema, "juu habayakula chakula yangu hata siku moja." Kuna watu walicheka, hata mimi. Kilikuwa kicheko cha mwisho katika nyumba ile. Kisha akamgeukia baba. Nadhani alikuwa anajua jibu, lakini alitaka alisikie.

"Nilikuwa nawaza Mukubwa," baba alisema.

"Basi ulikuwa weye peke yako," mama akamwambia.

Baba alikuwa ameshika kitabu kifuani kama mtu anayejikinga na baridi. Kuna wakati nilimwonea huruma. Miaka yote hiyo aliamini anaongoza watu wote kwenda kuuzingira mji mmoja, na kumbe kila mtu alikuwa kwenye vita vyake, na vita vya wengi wao vilikuwa na watu wa mke wake yeye. Lakini huruma yangu haikudumu, kwa sababu ya kilichofuata.

Mama aliomba. Hakuzunguka. Alisema kwamba vijana wamepitisha neno, kesho au kesho kutwa watakuja mtaa wetu. Mtaa wa pili watu walikaa barazani, na nyumba ikapona. Akauliza nani atakuja kuketi kwake. Mzee wa Kakontwe akakumbuka kwamba zamu yake ni ya mchana. Mwingine alikuwa na mtoto mgonjwa, na ni kweli alikuwa naye. Mama wa ubatizo akasema, akiendelea kulia, kwamba atatutunzia masufuria, hakuna atakayeyagusa. Hakuna aliyesema hapana. Ningependa mjue hilo: hakuna mtu hata mmoja aliyesema hapana.

Akabaki baba. Alikuwa mtu wa hapo, mwenye watu wake Lufira, mwenye kitabu mkononi. Angeweza kusema, mimi nitaketi, na pengine wawili watatu wangeona aibu wakaketi naye. Nilimwangalia nikimwomba kwa macho. Alisema Mungu anajua kila kitu, akainuka, akatuongoza Baba Yetu. Nilimchukia. Nasema wazi kwa sababu imepita miaka mingi na bado sijapata neno lingine. Mama alisali mpaka mwisho, kisha akaanza kukunja nguo.

Stesheni tulikaa chini ya turubai pamoja na maelfu ya watu, tukisubiri treni ambazo zilikuja zinapotaka. Mvua ilinyesha, watoto walipata surua, wazee walikufa wameketi juu ya mabunda yao. Baba alituletea unga kila alipoweza. Alisimama mbele ya turubai kama mtu aliyekuja kutembelea wagonjwa, akauliza kama tumelala vizuri. Mama wa ubatizo naye alikuja siku moja na mboga ya sombe, majani ya mihogo, ndani ya sufuria lililokuwa letu. Mimi sikula. Mama alikula, akamshukuru, akamrudishia sufuria likiwa limeoshwa.

Treni ilitufikisha Kasai baada ya safari ambayo sitaisimulia. Ndugu za mama walitupokea, walitupa chumba, walikuwa watu wema maskini. Lakini mimi kwao nilikuwa mtoto wa Katanga, kwa kuwa mtoto ni wa baba yake. Wala sikuwa peke yangu, maana hata mama, na kila aliyeshuka treni zile, walituita Wakatanga. Walituambia tumezoea mkate wa kampuni, hatuwezi jembe, tunaongea Kiswahili ili wasituelewe. Jirani mmoja akatufafanulia, kwa moyo safi, kwamba Mungu ametushusha kwa ajili ya kiburi chetu. Mama alicheka mpaka akashika ukuta. Mwanamke yule hakuelewa kilichomchekesha, nami sikuwa na nguvu za kumweleza. Tangu hapo mama alikwenda misa, lakini jumuiya za nyumbani hakukanyaga tena.

Miaka ilipita. Tulijifunza jembe. Siku moja, jua likiwa bado juu, baba alitokea uani na mfuko begani. Alikuwa amekonda, suruali ya kazi imefungwa kwa kamba. Kampuni ilikuwa imekufa, alisema, bado tu haijazikwa. Pampu zake zilizimwa, maji yalijaa mashimoni, kwenye mgodi wa Kamatanda watu walikuwa wanachimba kwa mikono yao wenyewe. Ofisi ambazo watu walizipigania zilikuwa na popo. Alieleza hayo akiwa amesimama, na mama aliendelea kuchekecha unga.

Kisha akasema alichokuja kusema. Nilijua ndicho hicho kwa jinsi alivyokaza mfuko wake. Jumuiya bado inakutana. Na sasa wanasoma ile sehemu ya mbele, ile aliyokuwa anaiahirisha, ambako nabii anawageukia watu wake mwenyewe. Anaisoma kila Alhamisi, hakuna mataifa mengine tena. Na watu wanalia. Mzee wa Kakontwe analia. Mama wa ubatizo analia mpaka wanamshika. Alileta habari hiyo kama mtu anavyoleta zawadi, kitu alichokibeba toka Likasi akikikinga na mvua, na uso wake ulikuwa unaomba tukifungue mbele yake.

Mama akaacha kuchekecha. "Banalilia nani?" aliuliza.

Baba alikuwa na makosa yake, lakini juu ya maandiko hakuwahi kusema uongo.  Aliniangalia mimi, nami sikumsaidia.

"Banalilia kampuni," alisema.

Mama akaitikia kwa kichwa. Akaniambia nimletee mgeni kiti, na maji ya kunawa. Akamsongea ugali, bukari yetu ya Likasi, akampa na samaki aliyekuwa amewekwa kwa ajili ya Jumapili, akaketi mbali kidogo mpaka alipomaliza. Hakuwa na hasira usoni. Hasira ilikuwa yangu yote. Alipotoa sahani akamuuliza treni ya kurudia Likasi iko siku gani. Baba alisema hajui. Mama akanituma stesheni nikaulize, nikaenda.